Uzi: Hivi kutafuta waliotekwa ni kazi ya kina Benson kweli? Kwangu mimi sehemu za utekaji zimeiharibu SVU

#1 BintiPangani
Habari za jioni wanajamvi. Kuna jambo limenikera miaka mingi nikitazama Law & Order: Special Victims Unit, ile tamthilia ya Marekani ya mpelelezi Olivia Benson, leo nimeona nilimwage hapa.

Kile ni kitengo cha makosa ya ngono cha polisi wa New York. Sawa. Mwanamke kabakwa, wanafika wao. Mtoto kanyanyaswa na mjomba, wanafika wao. Lakini mtoto akipotea Central Park, ni wao. Tajiri akitekewa mke na kudaiwa fedha, ni wao. Maiti ikiokotwa kando ya mto Hudson, wameshafika kabla hata ya watu wa mauaji. Na kwa kweli ya Mungu, New York kesi za utekaji wanazo wenzao wa Major Case Squad, kikosi kinachofuatilia pia wizi wa benki na wizi wa kazi za sanaa. Sasa kwa nini waandishi wanang'ang'ana kuwabebesha kina Benson mzigo usio wao?

Msimamo wangu: sehemu za utekaji ndizo dhaifu kuliko zote, na zimeitoa tamthilia kwenye mstari wake. Anayepinga aje na hoja, siyo matusi.

#2 DogoDigital
Nimewahi siti ya mbele. Ngoja waje wajuzi.

#3 MzeeWaMikanda
Salaam. Nilikuwa na kibanda cha kukodisha mikanda Tandika, baadaye diski, kwa hiyo hii naijua kutokea upande wa mteja. Jibu langu ni moja: waigizaji. Una watu watano au sita unaowalipa msimu mzima. Ukisema "utekaji siyo wetu, tuwaachie wengine", hao wengine ni akina nani? Ulete sura mpya ambazo mtazamaji hazijui, halafu Benson abaki ofisini anapanga mafaili? Mteja wangu alikuwa haulizi kosa ni la kitengo gani. Alikuwa anauliza, "Mzee, hii Benson yumo?" Basi.

#4 Kipanga254
Mzee #3, shikamoo, lakini hapo umeteleza. Hao wengine walikuwepo! Dick Wolf, mwanzilishi wa Law & Order, alikuwa na tamthilia ya tatu, Criminal Intent, 2001 hadi 2011, na Goren na Eames walikuwa wapelelezi wa Major Case Squad hiyohiyo anayoitaja mleta mada. Yaani kikosi cha utekaji kilikuwa na nyumba yake, mtaa huohuo, mwenye nyumba huyohuyo. Na wao wakawa wanashinda kwenye mauaji ya matajiri! Kwa hiyo mishahara peke yake haijibu swali.

#5 MzeeWaMikanda
Marahaba kijana. Umenibana, nakubali. Ila Criminal Intent ilifungwa 2011, na kuanzia hapo kina Benson wamebaki peke yao kwa muda mrefu. Kwa hiyo nusu ya hoja yangu bado inasimama.

#6 WakiliWaMtaani
Mimi naanzia kwenye jina. Dick Wolf alikuwa ameifikiria tamthilia hii kwa jina la Sex Crimes. Wakubwa wa studio wakaingiwa na hofu, watangazaji wa biashara wangekimbia. Ndipo likachukuliwa jina la Special Victims, ambalo polisi wenyewe wanalitumia. Sasa pimeni. "Makosa ya ngono" ni mlango mwembamba. "Waathirika maalumu" ni geti la ghala: mtoto anapita, mzee anapita, mwenye ulemavu anapita, mke anayepigwa anapita, aliyesafirishwa kwa ulaghai anapita. Aliyetekwa utamzuia kwa lipi?

Na dada BintiPangani, ukitaka usahihi kamili hata Major Case hawatoshi. Marekani utekaji ni suala la FBI pia. Machi 1, 1932 mtoto mchanga wa rubani Charles Lindbergh alichukuliwa kitandani kwao New Jersey, na mwaka huohuo Bunge lao likatunga sheria ya utekaji ya shirikisho. Ilikuja kuwekwa dhana kwamba mtekwaji akipita saa 24 hajarudi, FBI wanaweza kuingia kwa kuchukulia kwamba amevushwa mpaka wa jimbo. Kwenye SVU hao FBI wanaonekana wanapohitajika kuleta ubishi tu.

#7 DogoDigital
Kumbe ni ya zamani hivyo sheria. Mimi SVU nilijua imeanza 2001 baada ya yale majengo.

#8 Kipanga254
Hapana dogo. Septemba 20, 1999, kwenye NBC. Msimu wa kwanza majengo pacha bado unayaona kwenye picha za mwanzo.

#9 Chausiku_M
Naheshimu ya #3 na #6 lakini nadhani mnazunguka mti. Nimesomea uandishi wa maigizo, nitasema ninavyoona.

Kesi ya ubakaji inapoanza, jambo limeshatokea. Mpelelezi anarudi nyuma: nani alikuwepo, mlango ulifungwa na nani, ujumbe gani wa simu ulitumwa usiku ule. Ni kazi ya kusikiliza. Ni viti viwili na meza. Kesi ya utekaji inapoanza, jambo bado linatokea. Kuna mtu hai mahali fulani, na saa inakwenda. Mwandishi akiwa na sehemu 22 au 24 za kuandika kwa msimu, kuna wiki atachoka na viti viwili na meza, atataka mlango wa kuvunja. Utekaji unampa mlango wa kuvunja.

Kwa hiyo mleta mada yuko sahihi kuwa si kazi yao, lakini simuungi mkono kuwa ndizo sehemu dhaifu. Zile za mlango wa kuvunja ndizo zinazowaweka watazamaji, halafu wiki inayofuata wanakaa wanasikiliza ile ya viti viwili.

#10 BintiPangani
Chausiku umenifikirisha. Lakini ndipo kilio changu kilipo! Mimi nilipenda viti viwili na meza. Mwaka 2003 au 2004 nilikuwa kidato cha tatu, tunaangalia kwa jirani, na ndiyo mara ya kwanza maishani kuona mtu mzima anakaa chini na binti na kumwambia nakuamini, endelea. Nyumbani kwetu hapakuwa na mtu wa kusema hivyo. Sitaeleza zaidi ya hapo. Mlango wa kuvunja naupata kwenye tamthilia nyingine mia.

#11 Mama Shukuru
Pole sana mwanangu #10. Tuko pamoja.

#12 NesiWaJersey
Nimepita uzi huu nikitoka zamu ya usiku, nikashindwa kunyamaza. Mimi ni mzaliwa wa Kisumu, nesi upande wa New Jersey, na miaka 9 sasa nimo kwenye kazi ya kuwachunguza waliobakwa na kukusanya vielelezo. Niseme kinachotendeka, kisha mrudi kwenye Benson wenu.

Kile kisanduku wanachokiita "kit" ni boksi la karatasi ngumu lenye bahasha nyingi ndani. Kila pamba ikishatumika inakaushwa, inaingia bahasha yake, inaandikwa, inafungwa, natia sahihi. Nguo zinaingia mifuko ya karatasi, siyo nailoni, kwa sababu nailoni inatunza unyevu na kuharibu vinasaba. Shughuli nzima saa tatu, nne, wakati mwingine zaidi. Na kwa kila hatua namuuliza: niendelee? Akisema basi, ni basi. Kisanduku kikishafunguliwa sikiachi peke yake chumbani hata kwenda msalani, mpaka nimkabidhi polisi na yeye atie sahihi. Mnyororo ukikatika hapo, wakili wa utetezi atacheka mahakamani.

Kwenye tamthilia pazia linavutwa, Benson anasimama nje, tangazo la biashara, wakirudi maabara imeshajibu. Wagonjwa wangu wananiuliza asubuhi majibu yako wapi. Wamejifunza kwenye televisheni. Inaniuma kuwaambia ni wiki, pengine miezi.

Sasa hoja ya mleta mada. Naunga mkono, ila kwa sababu nyingine. Wengi ninaowapokea wanamjua aliyewatenda. Mpenzi, shemeji, mwenye nyumba, bosi, rafiki wa kanisani. Gari jeupe lisilo na namba linalonyakua binti barabarani lipo, lakini ni nadra. Kila sehemu ya utekaji inawafundisha mabinti kuogopa gari jeupe, na kumwamini anayewapa lifti kwa sababu wanamjua.

#13 DogoDigital
Asante dada nesi. Hii naihifadhi.

#14 KamandaMstaafu
Nimetumikia upelelezi mikoani kwa miaka 31, sasa nalima. Naomba niwatetee waandishi, maana naona wote mmewaangukia.

Taarifa inapofika kaunta haina jina la kosa. Anaingia mama, anasema binti hajarudi. Hiyo ni nini? Anaweza kuwa kwa rafiki. Anaweza kuwa ametoroka na mtu. Anaweza kuwa ameshikiliwa. Anaweza kuwa amebakwa na anaogopa kurudi. Anaweza kuwa marehemu. Saa ya kwanza mpelelezi hajui anafuatilia kosa lipi, na akisubiri ajue ndipo aanze, amechelewa. Nimekuwa na jalada lililofunguliwa kwa kupotea mtu, likawa utekaji, likaishia ubakaji, mtuhumiwa mmoja, siku tatu. Ningemkabidhi nani nusu ya njia?

Kwa hiyo mnapoona kina Benson wanakimbilia mtoto aliyepotea, mimi naona jambo la kweli. Kugawana kazi kwa vikosi ni mambo ya makaratasi.

#15 BintiPangani
Kamanda shikamoo. Nakubali kwa saa ya kwanza. Lakini wao wanakaa nayo mpaka mwisho, mpaka fidia ya dola milioni imeletwa kwenye begi na mtu wa benki. Hapo bado hujui ni kosa lipi?

#16 KamandaMstaafu
Marahaba binti. Hapo kwenye begi, hapo nakuachia.

#17 Mama Shukuru
Niseme la kwangu kwa sababu ya hiyo saa ya kwanza. Mtoto wa mdogo wangu, miaka 7, alipotea Mbagala, saa tisa alasiri. Majirani wote wakatuambia tusihangaike polisi, mpaka zipite saa 24 ndipo taarifa inapokelewa. Walisema hivyo kwa uhakika kabisa, na ukiwauliza wamejuaje, ni kwenye filamu. Tulipokwenda kituoni saa nne usiku, kijana wa kaunta naye akatuambia vilevile, turudi kesho. Alipatikana alfajiri, waendesha bodaboda walimkuta amelala kwenye kituo cha daladala, mzima. Lakini zile saa saba tulizokaa nyumbani tukisubiri saa 24 zitimie sijazisamehe mpaka leo. Najilaumu mimi, namlaumu yule kijana, na kwa kweli nazilaumu filamu.

#18 WakiliWaMtaani
Mama pole, na tushukuru alipatikana. Hili nataka kila anayepita hapa alisome: hata huko Marekani kwenye filamu zenyewe, hiyo saa 24 siyo sheria. Tangu 1990 sheria yao ya shirikisho inakataza polisi kuweka muda wa kusubiri mtoto anaporipotiwa kupotea, na 2003 ikapanuliwa hadi walio chini ya miaka 21. Yale matangazo ya AMBER yanayolia kwenye simu zao mtoto akitekwa yalizaliwa baada ya mtoto wa miaka 9 kutekwa Arlington, Texas, Januari 1996. Msingi wake wote ni kwamba dakika za mwanzo ndizo zenye uzito. Nahisi watu waliichanganya ile saa 24 ya FBI niliyoitaja #6 na saa ya kuripoti, au filamu zenyewe ndizo zilizochanganya.

Usisubiri. Nenda hata kama ni dakika kumi. Ukiambiwa rudi kesho, omba kumwona mkuu wa kituo.

#19 NesiWaJersey
Na mimi niongeze kwenye saa, maana hii inawahusu mlioko nyumbani kuliko habari za Benson. Dawa za kuzuia VVU baada ya tukio zina saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Hospitali kwanza. Asioge kama anaweza kuvumilia, nguo alizovaa zisifuliwe. Lakini kama ameshaoga, aende hivyohivyo, hajaharibu haki yake.

#20 MtotoWaBronx
Wakuu niko hapa New York miaka 14, napeleka mizigo kwa gari. Nina mawili.

Kwanza, kile kituo cha Precinct ya 16 anachofanyia kazi Benson hakipo. Hamtakipata kwenye orodha ya vituo vya NYPD, yaani polisi wa New York. Nilikitafuta nilipofika, nilitaka kupiga picha nimtumie mama.

Pili, mleta mada anasema utekaji si wao, lakini hapa mjini huwezi kutenganisha. Muulize mzazi yeyote wa zamani wa Manhattan kuhusu Etan Patz. Mei 25, 1979, miaka 6, SoHo, mara ya kwanza anaruhusiwa kutembea peke yake hadi kituo cha basi la shule. Hakuonekana tena. Picha yake ilikwenda mpaka kwenye maboksi ya maziwa, na Mei 25 ndiyo wakaifanya siku ya watoto waliopotea. Jiji hili lilibadilika siku ile, watu wakaacha kuwatuma watoto dukani. Tamthilia ya New York inayohusu watoto ikimwacha aliyetekwa nje, itakuwa imeruka donda la mji wenyewe.

#21 Kipanga254
Na ile kesi imeisha?

#22 WakiliWaMtaani
Haijatulia. Mtu alikamatwa 2012. Kesi ya kwanza 2015, wale raia 12 wa jopo wakashindwa kukubaliana, mmoja aligoma. Ya pili, 2017, akatiwa hatiani. Julai 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikatengua hatia. Hesabuni miaka, kutoka 1979. Halafu Benson anamaliza kwa dakika 42.

#23 DogoDigital
Ndiyo maana Stabler, mpelelezi mwenzake Benson, aliuawa, kazi ilikuwa nzito.

#24 Chausiku_M
Dogo! Stabler hakuuawa. Mwisho wa msimu wa 12 alimpiga risasi binti aliyekuja na bastola kituoni, na msimu uliofuata tukaambiwa ameacha kazi. Nje ya tamthilia, Christopher Meloni anayemwigiza hawakuelewana naye kwenye malipo. Akarudi 2021. Aliyeuawa ni mke wa Stabler, Kathy, kwa bomu la gari.

#25 MzeeWaMikanda
Mke wangu mpaka leo anamwita Baba Kathleen. Siku ile alipoondoka, nyumbani hapakupikwa.

#26 Chausiku_M
Mzee mwambie mama ni Baba Maureen! Kathleen ni binti yake wa pili.

#27 MzeeWaMikanda
Nimemwambia. Amesema Maureen hakuwa na matatizo, Kathleen ndiye aliyemtesa baba yake, kwa hiyo jina libaki.

#28 Kipanga254
Mama yuko sahihi, hoja ipite. Na tukiwa hapohapo, mnakumbuka mpelelezi Munch? Richard Belzer alitoka na mhusika huyohuyo kwenye Homicide, ya wapelelezi wa Baltimore, akahamia naye SVU mwaka ile inaanza. Alifariki Februari 2023. Na mpelelezi Fin, anayeigizwa na Ice-T, 1992 bendi yake ilitoa wimbo uliowachukiza polisi wa nchi nzima, miaka minane baadaye anavaa beji, na hajaivua mpaka leo.

#29 BintiPangani
Jamani turudi kwenye mada kabla hamjafika kwenye paka wa Taylor Swift.

#30 DogoDigital
Paka gani?

#31 Chausiku_M
Anaitwa Olivia Benson. Twende.

#32 MtotoWaBronx
Narudi kwenye mada na jambo lililonichoma. Mwaka 2018 ofisi ya ukaguzi ya jiji hili ilitoa ripoti juu ya kitengo halisi. Mwaka 2017 wapelelezi wa kesi za watu wazima walikuwa 67 kwa jiji zima. Kesi: 5,661. Gawanyeni wenyewe, ni zaidi ya 84 kwa kila mmoja. Mwaka 2022 hata Wizara ya Sheria ya Marekani ikafungua uchunguzi wake juu ya kitengo hicho, namna kinavyowatendea wanaoripoti.

Kwa hiyo swali si kwa nini Benson anafuatilia utekaji. Swali ni kwamba Benson ana muda! Kesi moja, wapelelezi wanne, mpaka iishe. Huo muda ndio uongo mkubwa wa tamthilia, hilo la kitengo gani ni dogo.

#33 KamandaMstaafu
Kijana umegusa mshipa. Kuna mwaka nilikuwa na majalada 60 na pikipiki moja, na pikipiki yenyewe ilikuwa ya watu watatu. Hapa kwetu mbakaji akitiwa hatiani, tangu ile sheria ya 1998 kifungo hakipungui miaka 30. Sheria ni kali. Lakini ukali wa sheria hauwekei pikipiki mafuta. Nilikuwa nikifika kwa shahidi, ameshahama.

Ndiyo maana natazama Benson. Siyo kwa kujidanganya. Natazama kazi inavyofanyika ukipewa watu wa kutosha.

#34 NesiWaJersey
Kamanda, kule kwetu napo ni hivyohivyo, na huku nilikodhani ni peponi pia. Mwaka 2009 huko Detroit walifungua ghala la polisi wakakuta visanduku zaidi ya 11,000 havijawahi kupelekwa maabara. Kila kimoja ni mtu aliyelala zile saa nne mbele ya nesi kama mimi, akavumilia, akaamini kuna mtu atakifungua. Mwendesha mashtaka wa kule, Kym Worthy, alipigana miaka vipimwe, na katika kupima wakapata wabakaji waliorudia na kurudia.

Mnajua nani alilisimamia jambo hilo kwenye filamu? Mariska Hargitay, Benson mwenyewe. Alianza kupokea barua za watazamaji, hawaombi picha yenye saini, wanamsimulia waliyotendewa, wengine ndiyo mara ya kwanza kumwambia mtu yeyote. 2004 akaanzisha taasisi yake, Joyful Heart. 2017 ikatoka filamu ya kweli, I Am Evidence, juu ya visanduku hivyo. Januari 2024 akaandika kwamba naye alibakwa, na mtu aliyemwona rafiki, alipokuwa na miaka thelathini na kitu. Rafiki. Siyo gari jeupe.

#35 Chausiku_M
Hapo dada nesi umenipa jibu jingine kabisa, hata sikulifikiria #9. Pengine utekaji ni namna ya kusema ubakaji bila kuusema. Yule mhalifu William Lewis, mnamkumbuka? 2013, anamteka Benson mwenyewe, siku nne. Baada ya hapo msimu mzima Benson hawezi kulala, anakwenda kwa mtaalamu, anaruka akisikia mlango. Waandishi walimpa utekaji ili sisi tumwone yeye akiwa upande wa pili wa meza. Benson anakaa kiti cha binti.

#36 BintiPangani
Na ndiyo siku niliyoacha kutazama kwa mwaka mzima! Sikutaka aumizwe. Nilitaka abakie mtu mmoja duniani ambaye hajaguswa, wa kutusikiliza.

#37 Chausiku_M
Mimi ndiyo siku niliyoanza kumwamini.

#38 Kipanga254
Hapa hamtapatana. Mimi niwape la utafiti: 2015 watafiti wa Washington State University waliwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo. Waliokuwa wakitazama Law & Order walikuwa na uwezekano mdogo wa kuamini zile imani potofu za ubakaji, na walielewa zaidi habari ya ridhaa. Waliokuwa wakitazama CSI, tamthilia nyingine ya upelelezi, hali ilikuwa tofauti. Watafiti walidhani ni kwa sababu Law & Order inafika mahakamani, mtu anaadhibiwa. Kwa hiyo iwe utekaji, iwe viti viwili, inaonekana kuna kitu kinaingia.

#39 WakiliWaMtaani
Au wenye fikra hizo tayari ndio wanaochagua kuitazama. Utafiti wa kuuliza watu mara moja hautenganishi hayo mawili. Siupingi, nauwekea alama.

#40 Mama Shukuru
Mimi sijasoma mambo ya utafiti. Baada ya yale ya Mbagala, binti yangu mkubwa, anaitazama hiyo tamthilia kila usiku kwenye simu, ndiye alitufundisha wote nyumbani: mtoto akikuambia jambo, usimuulize "kwa nini ulikwenda kule". Muulize "ikawaje". Nimeitumia mara mbili, kwa watoto wa mtaani kwangu. Mara moja ilikuwa ni jambo la kweli, likafika dawati la jinsia na watoto pale kituoni, na yule askari wa kike aliyetupokea alimkalisha mtoto vizuri sana, akampa juisi kwanza.

#41 DogoDigital
Mama hii ya "ikawaje" nimeiandika ukutani.

#42 BintiPangani
Mama Shukuru, hiyo ndiyo viti viwili na meza niliyokuwa naitafuta tangu #1. Kuhusu utekaji bado sijakubali. Jumamosi naanza tena msimu wa kwanza, kila sehemu ya utekaji nitaandika pembeni nani angetakiwa kuishughulikia: Major Case, FBI, au kweli ni wao. Kamanda utanisaidia zile za saa ya kwanza?

#43 KamandaMstaafu
Nitakusaidia. Usiku lakini, mchana niko shambani. Na ukinitumia zisizidi tatu kwa siku, intaneti ya huku ni ya kubembeleza.

#44 MtotoWaBronx
Wakuu, nimerudi kazini sasa hivi, mtaani kwangu kwenye nguzo za taa wamebandika karatasi: magari yahamishwe, kesho alfajiri wanarekodi. Jina la tamthilia limeandikwa. Niende?

#45 NesiWaJersey
Nenda. Ukimwona, mwambie kuna nesi ng'ambo ya mto anamshukuru kwa habari ya visanduku.

#46 MzeeWaMikanda
Na ukimwona Baba Kathleen, piga picha. Mke wangu ameshakaa hapa pembeni anasubiri.